Jumanne saa nne si saa ya Makambako

Muulize kijana yeyote aliyepita kwenye mafunzo ya masoko ya mtandaoni: wateja watumiwe barua pepe lini? Atakujibu papo hapo, Jumanne saa nne asubuhi. Ukimbana ataongeza Alhamisi. Jibu hilo limeenezwa na kampuni za Marekani na Ulaya zinazouza programu za kutuma barua kwa maelfu ya watu kwa mkupuo, na kwa watu waliokusudiwa lina mantiki yake. Jumatatu mtu anahangaika na viporo vya wiki iliyopita, Ijumaa akili imeshatangulia nyumbani, na Jumanne saa nne mpokeaji ameketi mbele ya kompyuta, kahawa pembeni, mkutano wa kwanza haujaanza. Shida inaanza pale jibu hilo linapopakiwa kama lilivyo na kushushwa Njombe.

Tuchukue Jumanne moja ya Julai. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai haina utani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi kata ya Ramadhani saa nne ndiyo anapata wateja wa maana: mmoja anapimiwa misumari, mwingine anabishania bei ya bati, na simu ameibana begani anaongea na dereva wa lori. Mkulima wa viazi yuko kwenye kinyungu chake, shamba la bondeni la kiangazi, simu iko ndani ya koti alilolitundika mtini, data imezimwa. Mwalimu yuko darasani. Mwenye mashine ya kupasulia mbao hata simu ikiita haisikii. Wanaobaki mbele ya kompyuta ni wachache: maofisa wa Halmashauri ya Mji Njombe na wenzao wa Makambako, watu wa benki na mashirika, mhasibu wa kiwanda cha chai, meneja wa hoteli. Hao Jumanne saa nne inawafaa. Lakini hao hata ukiwaandikia Jumatano saa tano hawatanuna.

Kuna jambo ambalo washauri wa mbali hawalifikirii kwa sababu kwao intaneti haizimwi. Huku watu wengi hununua bando la siku au la wiki, na data huwashwa inapohitajika. Saa uliyotuma na saa ya kufika ni vitu viwili. Barua iliyoondoka asubuhi inasubiri hadi saa mbili usiku, mtu ameshakula, ameketi karibu na jiko la mkaa, ndipo anawasha data. Zinamiminika kwanza za WhatsApp: kundi la ukoo, kundi la kikoba, kundi la michango ya harusi, picha za mtoto wa dada. Barua yako ya punguzo la bei iko chini kabisa, na kama umeijaza mapicha makubwa umemlia bando. Halafu kwenye kioo kidogo kichwa cha barua hukatwa baada ya maneno machache. Nimeziona nyingi za namna hii: “Ndugu mteja wetu mpendwa, tunayo furaha kuk…” Mteja hajui furaha hiyo ya nini, na hatafungua ili ajue. “Mbolea ya kupandia imefika Makambako” ingemtosha hata bila kufungua.

Niseme wazi pia kwamba wateja wengi wa Njombe na Makambako hawasomi barua pepe za biashara kabisa. Anwani wanayo, kwa kuwa simu janja haikamiliki bila akaunti ya Gmail, lakini aliyewafungulia ni fundi simu na nywila anaijua fundi. Watu hao hufikiwa kwa ujumbe mfupi, kwa WhatsApp, kwa redio za mkoa, na kwa matangazo yanayosomwa kanisani ibada ikiisha, ambayo mimi nayahesabu kuwa chombo cha biashara chenye wasikilizaji watulivu kuliko vyote. Kwa hiyo ninapozungumzia kutuma, nazungumzia vyote hivyo, na barua pepe ni kimoja tu, cha wateja wa ofisini na wa ng’ambo.

Hoja yangu ni kwamba tunabishana kuhusu saa ilhali kinachoamua ni mwezi. Nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Mei hivi, na mahindi hupandwa mvua inapoanza. Mwenye duka la pembejeo anayetangaza mbolea ya kupandia mwezi Januari anazungumza na watu waliokwisha kupanda. Hata atume saa gani, hana mteja. Januari hao wanawaza mbolea ya kukuzia, na juu ya hiyo wanawaza sare, madaftari na ada za shule binafsi, kwa sababu mwaka wa masomo unafunguliwa mwezi huohuo. Tangazo la mabati Januari ni karaha. Tangazo hilohilo likienda baada ya mavuno, mahindi yameuzwa na fedha iko mkononi, linamkuta mtu aliyekwisha kupima msingi wa nyumba. Wa viazi ana kalenda nyingine, kwa kuwa analima masika na analima vinyungu wakati wa kiangazi. Wa mbao ana yake. Tangu ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, mkulima aliyeandikishwa ana namba yake na anafuatilia mwenyewe lini mzigo unafika dukani. Mtu kama huyo habembelezwi kwa maneno matamu. Anataka ujumbe mmoja siku mzigo unaposhushwa, wenye aina ya mbolea, bei na mahali. Ukichelewa siku tatu ameshaambiwa na jirani.

Kwa wenye mshahara kalenda ni fupi zaidi. Mishahara ya watumishi wa umma huingia siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, na mwalimu anayelengwa kwa sofa au godoro ana siku chache tu za kuwa mnunuzi kabla mikopo, kikoba na duka la jirani havijagawana kilichoingia. Tangazo la tarehe 12 atalisoma, atalipenda, na hatakuwa na cha kufanya nalo. Tarehe 25 lina maana. Hapo ndipo saa nayo inapopata nafasi yake: mwalimu mtumie jioni, au Jumapili mchana ibada ikiisha na watu wamekaa nyumbani.

Wanaolijua somo hili bila kufundishwa ni wachuuzi wa stendi ya Makambako. Mji huo uko njia panda, barabara ya Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na reli ya TAZARA iliyokamilika miaka ya 1970 inapita hapohapo. Mchuuzi wa mahindi ya kuchoma hawashi mkaa kwa kuwa ni Jumanne. Anajua basi la alfajiri kutoka Dar, lililokwisha kula zaidi ya kilomita 600, linaingia saa ngapi. Anajua lile la Mbeya. Anajua abiria wa kwenda Songea hushuka na baridi iliyowashtukiza. Mkaa wake huwa mwekundu basi linapopiga honi. Basi likichelewa, naye anachelewa. Huyu angekabidhiwa orodha ya wateja wa duka la jumla, ningemwamini kuliko programu inayojisifu kwamba inajua saa bora ya kutuma duniani kote.

Turudi ofisini. Anayeuza kwa serikali, awe wa vifaa vya maandishi, mabomba au ukarabati wa magari, ajue kwamba mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kwamba tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa NeST. Barua nzuri kwa ofisa manunuzi iliyofika baada ya zabuni kutangazwa haina kazi. Mfumo ndio unaozungumza sasa. Barua hiyohiyo ikifika wakati idara zinakusanya mahitaji na bei za kupangia bajeti, inawekwa kwenye jalada. Mtu wa manunuzi haombi punguzo la wiki hii. Anaomba orodha ya bidhaa yenye bei na vipimo ambayo ataikuta akiihitaji. Na Juni yote asiandikiwe chochote cha kumfurahisha, maana anafunga hesabu.

Kwa wauzaji wa nje jambo hili lina uzito wa pekee, na ndiko barua pepe inakotawala kweli. Njombe siku hizi ni mkoa wa parachichi za Hass, na mnunuzi wa Rotterdam, Mumbai, Dubai au Muscat hapati habari zako kwa tangazo la kanisani. Saa nne ya Makambako ni saa tatu asubuhi Uholanzi wakati wa kiangazi chao, na saa mbili wakati wa baridi. Hapo barua inamkuta mtu anafungua ofisi, na ni sawa. Mumbai wakati huohuo ni saa sita na nusu mchana, watu wanaelekea kula. Lakini kosa ninaloliona likirudiwa na wauzaji wetu haliko kwenye saa, liko kwenye siku, tena kwa nchi za Ghuba. Wengi bado wanadhani Waarabu wote hupumzika Ijumaa na kufanya kazi Jumapili. Oman ndiyo, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013. Dubai sivyo: kuanzia Januari 2022 serikali ya Falme za Kiarabu ilihamisha mapumziko kuwa Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikabaki nusu siku. Ukipeleka bei ya wiki Jumapili asubuhi, mnunuzi wa Muscat yuko mezani na wa Dubai yuko ufukweni na watoto.

Kisha kuna mwezi wa Ramadhani, ambao husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mtu wa Njombe, kwenye mji uliojaa makanisa, anaweza kuusahau mpaka aone wateja wake wa Dar na Unguja wamebadilika. Wanaagiza viazi mviringo kwa ajili ya kachori na katlesi, wanaagiza mapema, na hawataki maneno mengi. Mchana wa mfungo, hasa alasiri, ni saa mbaya ya kumtumia mtu tangazo lolote, la chakula zaidi. Jioni kabla ya magharibi yuko jikoni au barabarani anawahi kufuturu. Baada ya tarawehe watu wanachangamka na simu ziko mikononi. Mnunuzi wa Kariakoo aliyekuwa hajibu mchana atakujibu saa nne usiku bila kuona umemsumbua. Kwa mwezi huo mmoja, kanuni ya kutomwandikia mtu usiku inapinduka, lakini kwake tu, si kwa mteja wako wa Uwemba, hapahapa Njombe, aliyelala tangu saa mbili. Na oda zenyewe hazisubiri mwezi uandame: anayetaka kuuza viazi vya futari aandike wiki mbili kabla, wakati wapishi na wenye mabanda wanapanga.

Nigusie mtego mdogo unaochekesha. Programu nyingi za kutuma barua zinahesabu saa kwa mtindo wa kizungu, na baadhi zikifunguliwa huwa zimewekwa kwenye majira ya nchi ya mtengenezaji. Bosi anamwambia kijana, “Itume saa mbili asubuhi.” Kijana anaandika 2, asubuhi. Barua inaondoka saa nane usiku. Au ameandika vizuri 10:00 lakini akaunti imeachwa kwenye saa za New York, na kumbe Makambako inafika saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma. Halafu wiki ijayo ofisi inakaa kikao kujadili kwa nini Jumanne saa nne haileti wateja.

Kikao hicho kitaletewa takwimu. Takwimu inayopendwa ni ya waliofungua barua, na ndiyo niliyoacha kuiamini. Inahesabiwa kwa kapicha kadogo kasikoonekana: barua ikifunguliwa, picha inaombwa kutoka kwa mtumaji, naye anaandika “amesoma.” Tangu Septemba 2021 Apple inawawezesha wenye simu zake kuficha jambo hilo, mashine zake zikizivuta picha mapema hata kama mwenye barua hajaigusa. Upande wa pili, mtu wa bando aliyezima picha anaweza kuisoma barua yote na ukahesabiwa kuwa hajaiona. Kwa duka lenye wateja 200 kwenye orodha, tofauti ya wasomaji sita kati ya Jumanne na Alhamisi haithibitishi kitu. Pengine Alhamisi hiyo kulikuwa na msiba na nusu ya mtaa ilikuwa makaburini. Hesabu zilizo bora zimo kwenye daftari la mauzo. Fungua la mwaka jana, tazama ni tarehe zipi mbolea, mabati au magodoro yalitoka, na utume wiki moja kabla ya hapo. Mteja akija dukani muulize, “Shikamoo mzee, ujumbe wetu uliupata? Ulikuwa wapi ulipoingia?” Majibu ya watu kumi wa namna hiyo yanazidi jedwali lolote la kampuni ya Marekani.

Yote hayo hayana maana kwa mtu ambaye hakuomba kuandikiwa. Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa Mei 3, 1978 na Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET nchini Marekani. Ilikuwa ni mwaliko wa kuja kuona kompyuta mpya. Malalamiko yalimwagika, na hakuna aliyelalamikia saa. Walilalamikia kuingiliwa.

Kwetu namba hukusanywa kirahisi mno. Mtu amelipia mfuko wa saruji kwa simu mara moja, jina na namba vimebaki kwenye simu ya duka, na kesho yuko kwenye kundi la WhatsApp la “Ofa Kabambe.” Mimi nimewahi kuamshwa saa tisa usiku na kampuni moja ya bahati nasibu ambayo sijawahi kucheza mchezo wake, ikinipongeza kwa kukaribia kushinda. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka ridhaa kabla ya matangazo ya namna hii, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Kenya wameshaonyesha meno: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya mtandaoni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine. Na hata sheria zisipokufikia, Google itakufikia. Tangu Februari 2024 anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima aweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko dhidi yake yasifike watu 3 kwa kila barua 1,000. Yahoo nao hivyohivyo. Huyo ni mtumaji mkubwa, lakini mdogo naye akilalamikiwa sana barua zake huishia kwenye taka, na huko Jumanne na Jumapili ni mamoja.

Marekani, wanakotuletea ushauri wa Jumanne, wana kanuni moja ambayo hatukuletewa: simu za kutangaza biashara haziruhusiwi kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku, kwa saa ya mahali alipo anayepigiwa. Ningependa mamlaka yetu ya mawasiliano, TCRA, waiangalie kwa ajili ya ujumbe mfupi wa matangazo, wakiacha nafasi kwa wanaofunga mwezi wa Ramadhani.

Kwa wafanyabiashara wa Njombe na Makambako ombi langu ni dogo. Kabla ya Oktoba, kaeni na daftari la mauzo la mwaka jana na orodha ya wateja walioridhia kuandikiwa. Mbele ya kila jina wekeni mwezi anaonunua na njia anayoisoma. Atakayekosa mwezi asiandikiwe mpaka mmemuuliza. Na nyie mnaofundisha vijana wetu masoko, futeni ile slaidi ya Jumanne saa nne. Wapelekeni stendi ya Makambako wakati basi la Dar linaingia.